Dawa za mdogo wangu zinatumaliza. Nipunguze wapi?

Swali:

Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, anaugua baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, na huu ni mwaka wa 3 tangu tuambiwe. Sisi ni wa Mpwapwa. Mimi nina genge la mboga, yeye alikuwa anaendesha bodaboda. Kila mwezi nakwenda naye kliniki Dodoma mjini. Matumizi yetu ya mwezi ni haya: nauli ya watu 2 kwenda na kurudi shilingi 32,000, bodaboda za mjini na chakula 10,000, dawa 84,000, yaani valproeti, olanzapini na vile vidonge vidogo vya benzheksoli, vitamini na dawa ya kusafisha mishipa ya fahamu 25,000, vipimo 60,000 kila baada ya miezi 3, sawa na 20,000 kwa mwezi. Jumla 171,000. Genge haliwezi tena. Mwaka jana alikaa wiki 3 bila dawa kwa sababu sikuwa na hela, akapanda vibaya. Pikipiki tuliyoinunua 2,600,000 aliiuza 900,000, na hela yenyewe akaigawa stendi. Akakopa 400,000 za kausha damu. Mganga tulimpa 350,000, kisha tukakodi gari 180,000 kumkimbiza hospitali. Sasa ametulia, ana miezi 8. Naomba kujua: naweza kumpa nusu dozi, au siku moja anywe na siku moja apumzike, ili boksi moja lifike miezi 2? Kama haifai, nipunguze wapi?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nusu dozi hapana, na siku ya mapumziko hapana. Nalisema mwanzoni kwa sababu najua kuna mtu atasoma mistari miwili ya kwanza kisha simu izime chaji.

Valproeti haikai mwilini muda mrefu. Ndani ya siku moja hadi mbili sehemu kubwa imeshatoka, hivyo anayeinywa siku moja na kuiacha siku moja hapati nusu ya kinga. Anapata kinga inayokatika kila kukicha. Kinachowadanganya watu ni kwamba ugonjwa haurudi siku hiyohiyo. Anaweza kukaa wiki 2 au 3 yuko sawa kabisa, tena mchangamfu kuliko kawaida, anaamka mapema, anafagia uwanja, nyumba nzima inafurahi kwamba afadhali tumepunguza yale madawa yaliyokuwa yanamlaza. Ule uchangamfu wenyewe ndio ugonjwa unaobisha hodi.

Na hesabu uliyoniandikia inanisaidia kukuonyesha jambo. Jumlisha ya mwaka jana: pikipiki 2,600,000, mkopo 400,000, mganga 350,000, gari 180,000. Ni 3,530,000, na sijagusa riba wala siku ulizofunga genge. Ukiigawa kwa ile 171,000 yako ya mwezi, zile wiki 3 bila dawa zimekula zaidi ya miezi 20 ya matibabu. Kwa hiyo tukitafuta pa kubana, tutafute kila mahali kabla ya kufika kwenye kile kidonge kinachomshikilia. Habari njema ni kwamba pa kubana papo, na si pachache.

Nianze na nauli, maana hapo ndipo pesa yako inapovuja bila kumtibu mtu yeyote. Kwa nini mnakwenda Dodoma kila mwezi? Nadhani jibu ni kwamba ndiko alikolazwa, na ndiko kila mtu anakojua. Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, enzi ambazo mtu akirukwa na akili palikuwa karibu hakuna pengine pa kumpeleka, na mazoea hayo yamebaki vichwani mwetu hadi leo. Lakini mgonjwa aliyetulia miezi 8, anayekunywa dawa zilezile kwa dozi ileile, hahitaji bingwa kila mwezi. Anahitaji mtu wa kumtazama usoni, kumpima uzito, kumuuliza maswali kumi na kumwandikia dawa. Kazi hiyo inafanyika katika hospitali ya wilaya. Kila halmashauri ina mratibu wa afya ya akili, mara nyingi ni muuguzi aliyesomea fani hiyo au tabibu, na hospitali nyingi za wilaya zina siku yao maalumu ya kliniki katika wiki. Ulizia mapokezi pale Mpwapwa, waulize mratibu ni nani na kliniki ni siku gani.

Usihame kimyakimya, lakini. Safari ijayo ya Dodoma mwambie daktari maneno haya: "Tunaomba barua ya kumrudisha hospitali ya wilaya, na utuandikie tuonane tena baada ya miezi 6." Barua iwe na jina la ugonjwa, majina na dozi za dawa, tarehe aliyolazwa mara ya mwisho, na dalili zitakazofanya arudishwe haraka. Madaktari wengi huiandika kwa furaha. Kliniki za mjini zimejaa watu kama mdogo wako, wametulia, wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri wakisubiri kuandikiwa kilekile cha mwezi jana, huku aliyepanda jana usiku anasubiri nyuma yao.

Nauli na chakula vinakula 42,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 504,000. Ukienda mara 2 kwa mwaka utatumia 84,000. Umeokoa 420,000.

Sasa ile 25,000 ya vitamini na dawa ya kusafisha mishipa ya fahamu. Hapa sitazunguka: iache leo. Mishipa ya fahamu si bomba la maji, haizibwi na uchafu, wala hakuna dawa ya kuisafisha. Vitamini humsaidia aliyepungukiwa vitamini. Baipola haitokani na upungufu huo, na mtu anayekula ugali, maharage na mboga kutoka genge la dada yake sioni kwa nini anunue chupa kila mwezi. Ile dawa ya kusafisha, kama ni ya miti au haina maandishi yanayoeleweka, ina ubaya mwingine: valproeti yenyewe huchakatwa na ini, na kulibebesha ini hilohilo kitu usichokijua ni kutafuta shida. Ukiacha hiyo umeokoa 300,000 kwa mwaka. Weka pamoja na nauli: 720,000, na hakuna kidonge hata kimoja cha kichwa tulichokigusa.

Twende kwenye dawa zenyewe.

Chukua boksi la valproeti unalonunua. Juu kuna jina kubwa lenye rangi, hilo ni jina la biashara la kampuni. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo watu hawazisomi, kuna jina la dawa yenyewe pamoja na miligramu. Hilo dogo ndilo la kulinunua. Dawa moja huwa na majina mengi ya biashara: Epilim ni valproeti, Tegretol ni kabamazepini, Zyprexa ni olanzapini, na kila moja ina ndugu zake zilizotengenezwa na kampuni nyingine, kazi ileile, bei tofauti sana. Ukifika famasi usiseme "nipe kama hii", maana utapewa kama hiyo. Sema: "Nataka valproeti ya miligramu hizi, ya bei nafuu, iliyosajiliwa na TMDA. Mnazo za kampuni ngapi?" TMDA ndiyo mamlaka ya dawa nchini. Waandikie bei kwenye daftari, nenda famasi ya pili, kisha ya tatu. Nimeona tofauti ya bei kati ya famasi mbili zinazotazamana barabarani ambayo ingemlipia mtu chakula cha wiki.

Tahadhari ni mbili. Ukishachagua kampuni, kaa nayo. Kwa dawa kama valproeti, kabamazepini na lithiamu, kubadilisha kampuni kila mwezi kwa kufuata bei kunaweza kupandisha au kushusha kiwango cha dawa kwenye damu. Badili mara moja, mwambie mtoa huduma, mwangalie mdogo wako kwa wiki kadhaa. Pili, valproeti ipo ya aina zaidi ya moja, na ile inayotoa dawa polepole si sawa na ile ya kawaida. Maneno hayo yawe yaleyale kwenye boksi jipya. Na vidonge vyenye ganda au vya kutoa dawa polepole havikatwi wala havisagwi, hata kama kukata kidonge kikubwa kungeokoa hela.

Olanzapini muulize mfamasia hivi: kidonge kimoja cha miligramu 10 ni bei gani, na viwili vya 5 ni bei gani? Mara nyingi kimoja kikubwa ni nafuu kuliko viwili vidogo, lakini aliyeandika cheti hakufikiria hilo, na anayeuza si kazi yake kukukumbusha.

Benzheksoli ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara mbili. Dawa hii haitibu baipola. Hutolewa kupunguza kukakamaa, kutetemeka na shingo kupinda kunakoletwa na dawa kama haloperidoli, ambayo huenda ndiyo aliyopewa wodini alipokuwa amepanda. Baadaye akahamishiwa olanzapini, ambayo kwa kawaida haikakamazi mwili kwa kiasi kile, lakini benzheksoli ikaendelea kunakiliwa kutoka cheti hadi cheti kwa sababu ilikuwepo kwenye cheti cha kabla. Nimeikuta kwa wagonjwa wengi mno, wengine wakiinywa kwa miaka. Hukausha mdomo, hufunga choo, huchafua kumbukumbu, na wapo vijana wanaoitafuta mitaani kwa ajili ya kulewa. Usimwachishe mwenyewe ghafla. Uliza tu: "Hii bado anaihitaji? Kama haihitaji, tuishushe vipi?"

Uliza na swali la pili, kubwa zaidi: je, valproeti na olanzapini bado zinahitajika zote mbili? Mtu anapotoka kwenye kupanda, dawa mbili pamoja zina maana, hasa katika miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo wengine hubaki vizuri na moja, wengine hawawezi. Mdogo wako alishawahi kurudiwa vibaya, hivyo huenda daktari akasema tusubiri kwanza, na atakuwa na sababu. Uamuzi ni wake pamoja na mgonjwa, na dozi hushushwa taratibu, si kwa sababu boksi limeisha.

Lakini kabla ya yote hayo: kwa nini unanunua? Tangu utaratibu wa kuchangia gharama uanze miaka ya 1990, wagonjwa wa akili wamo katika makundi yanayostahili msamaha kwenye vituo vya serikali. Msamaha haujileti. Unaombwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye chumba chake mara nyingi kiko mwisho wa korido na hakina foleni, kwa sababu watu hawajui kazi yake. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya, kadi ya kliniki na ile barua ya Dodoma. Ukipewa, uliza kama kwenye mfumo wao umeandikwa, ili usianze kujieleza upya kila mwezi mbele ya kila dirisha.

Najua utakachoniambia: "Daktari, dirishani wananiambia dawa hakuna." Kweli, hutokea. Mimi mwenyewe nimeandika cheti nikijua mgonjwa atakwenda kukitumia kwenye famasi ya ng'ambo ya barabara. Ukiambiwa hakuna, usiondoke bila majibu ya maswali mawili. La kwanza: itakuja lini, na nipige simu kwa nani kabla sijafunga safari? La pili, ambalo unarudi nalo kwa aliyeandika: kuna dawa nyingine iliyomo kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambayo hospitali hii huwa nayo, itakayomfaa? Usiogope kwamba utaonekana mbishi. Mwandika cheti hajui kilichomo stoo kila siku, wewe ndiye unayemletea habari.

Kuhusu bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa kwa miaka mingi ulikuwa ukitoza 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na huduma zake zilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Linganisha na siku moja ya safari yako. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 utaratibu unabadilika, hivyo mtendaji wako ndiye wa kumuuliza kiwango cha sasa na kitita chake. Jiandikishe wakati huu akiwa mzima, maana kadi inayotafutwa mgonjwa akiwa amefungwa kamba kwenye gari haisaidii usiku huo. Na fuata ngazi. Kadi inataka uanzie chini na upande kwa barua ya rufaa. Ukiruka ngazi unalipa mwenyewe.

Vipimo: 60,000 kila miezi 3 ni nyingi mno kwa mtu aliyetulia. Anayetumia valproeti hupimwa ini na damu kabla ya kuanza na katika miezi 6 ya mwanzo, baada ya hapo kwa kawaida mara moja kwa mwaka yatosha kama hana dalili. Olanzapini inataka sukari na mafuta ya damu vipimwe mwanzoni, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Kipimo chake kikubwa kuliko vyote ni mzani, na mzani wa kliniki ni bure. Dawa hii hunenepesha, na baadhi ya watu huwaletea kisukari, ugonjwa mwingine wa kulipia maisha yote. Apande mzani kila mwezi, namba iandikwe. Akiongeza kilo 4 au 5 ndani ya miezi michache, semeni mapema, sio suruali zote zikishagoma.

Kile kipimo cha mawimbi ya ubongo, kama kimo kwenye hiyo 60,000, hakina cha kufanya hapo. Baipola haionekani kwenye picha ya kichwa wala kwenye mawimbi. Vipimo hivyo vina kazi pale mtu anapokuwa na degedege, ameumia kichwa, amepooza upande, au ugonjwa umemwanzia uzeeni. Akikwambia mtu wa maabara "tumpime kichwa tuone imefikia wapi", mshukuru, uondoke na hela yako.

Wasomaji wengine wataniuliza mbona sijataja lithiamu. Ni dawa nzuri sana, labda kuliko zote, na ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kuzuia watu kujiua. Inatumika tangu 1949, John Cade alipoitangaza kule Australia, na kidonge chake hakina sababu ya kuwa ghali kwa sababu ni chumvi ya asili ambayo hakuna kampuni inayoweza kuimiliki. Ila gharama yake haiko kwenye kidonge. Kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu kati ya kinachotibu na kinachodhuru pana upenyo mwembamba: wengi hukaa vizuri kwenye 0.6 hadi 0.8, na ukivuka 1.5 ni sumu. Figo na tezi la shingo nazo huangaliwa kila miezi 6. Kisha aliyeko kwenye lithiamu akiumwa mgongo na kununua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa muhimu, au akiharisha siku 2 akaishiwa maji, kiwango kinapanda. Kama maabara inayopima iko mbali, bei ya lithiamu ni pamoja na nauli. Aliyekwisha kutulia na valproeti simhamishi kwa kufuata bei.

Wanawake nao niwaambie, maana barua hii itasomwa na wengi. Valproeti haifai kwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo wazi. Katika watoto 10 walioipata tumboni, takriban 1 huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 huchelewa kukua kiakili. Kabamazepini, ambayo mara nyingi ndiyo rahisi kwa bei, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, na inagombana na baadhi ya dawa za CTC, yaani kliniki ya VVU. Sema kila dawa unayotumia. Na mdogo wako akitaka kuzaa, amwambie daktari kwanza: tangu 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya imewatahadharisha hata wanaume wanaotumia valproeti.

Kuna la kuchukua dawa za miezi 2 au 3 kwa mpigo. Kwa aliyetulia ni jambo la kuomba, linaokoa nauli na muda. Lakini boksi 3 za dawa ndani ya nyumba ya mtu anayeweza kushuka hadi akachoka na maisha ni hatari. Zikae kwako, zifungiwe, yeye awe na za wiki. Akianza kusema maneno ya kufa, au yeye akiwa kimya lakini anagawa vitu vyake, rudini kwenye kuchukua za muda mfupi na mwoneni mtoa huduma siku hiyo.

Dawa ya bei ndogo kuliko zote bado sijaitaja: usingizi. Unasema aliendesha bodaboda. Usiku? Mtu wa baipola akikesha siku 2 au 3 mfululizo, ni kama kuwasha kiberiti karibu na petroli. Akirudi barabarani, arudi kwa zamu ya mchana, na kwa kuwa olanzapini inalaza, ainywe jioni mapema na asubuhi asipande pikipiki kabla ya kichwa kuwa chepesi. Bangi aiache, na pombe. Atakosa abiria wa usiku wanaolipa vizuri, ni kweli, na mtagombana kuhusu hilo.

Sasa, dada yangu, nina neno. Katika barua yako yote hakuna sentensi hata moja aliyoisema yeye. Umeniambia aliuza, alikopa, alilazwa. Mtu wa miaka 29 anayepewa dawa mkononi kama mtoto wa chekechea ipo siku atazificha chini ya ulimi, na hapo hela yako yote imekwenda na maji. Keti naye mkiwa wawili, wakati huu ametulia, umuulize dalili gani yeye huiona kwanza. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa anaijua yake vizuri sana: akianza kuosha pikipiki saa 9 usiku, na kuifuta spoku moja moja kwa kitambaa, basi ana siku 4. Ndugu walikuwa wanamsifu kwa usafi. Tulipoiandika kwenye daftari, mkewe akajua kwamba akisikia maji usiku, asubuhi ni kliniki. Wakati mwingine dozi iliongezwa kidogo kwa wiki 2, yakaisha hapo.

Mwandike na makubaliano ya pesa, yeye akiwa ndiye anayesema na wewe unaandika. Akipata pikipiki nyingine, kadi yake ikae kwa mjomba au mtu mnayemwamini wote. Laini yenye pesa ya kodi na dawa iwe yako. Mikopo ya simu izuiwe inavyowezekana, na yule wakala wa jirani ajue kwamba siku ukimpigia simu, asitoe hela kubwa mpaka muongee. Yeye mwenyewe aseme ni nani anamruhusu amshike mkono na kumpeleka hospitali akiwa amekataa. Atie sahihi. Karatasi hiyo haina nguvu ya mahakama. Nguvu yake ni kwamba siku akipanda utamwonyesha mwandiko wake.

Mganga simtukani, na dua haina bei. Tatizo ni anayesema "acheni za hospitali kwanza ndipo hizi zifanye kazi". Huyo umwogope, hata kama ni mchungaji.

Yako mambo usiyoyahesabia hela hata kidogo: usiku wa 2 bila usingizi na maneno yanakimbia, kutaka kufa, macho kuwa ya njano, au kutapika na tumbo kuuma sana akiwa kwenye valproeti, homa kali na mwili kukakamaa. Hapo kopa, panda gari la kwanza.

Siku ya kliniki beba maboksi yote, hata matupu, pamoja na daftari la matumizi kama ulivyoniandikia mimi. Mwonyeshe daktari ile 171,000, sisi huwa hatuioni. Halafu mwache mdogo wako aingie kwanza peke yake. Wewe kaa kwenye benchi mpaka uitwe.